Eti mwalimu wa kwaya anapunga mikono tu?

Hapa Tabora kila mtu ana maoni kuhusu mwalimu wa kwaya, hasa yule ambaye hajawahi kukanyaga mazoezini. Linalosemwa sana ni kwamba anapunga mikono tu, na kwaya ingeimba vilevile hata asingekuwepo.

Wimbo wa mapigo manne, mkono wa kulia unakwenda chini, kushoto, kulia, juu. Hilo hata mtoto atalishika. Kazi iko kabla ya pigo la kwanza: mkono unapanda kidogo, mwalimu anavuta pumzi, kwaya nzima inavuta naye. Hapo kila mtu ameshajua kasi ya wimbo na ukubwa wa sauti. Akikosea hapo, soprano (sauti ya juu kabisa) wanaingia huku besi (sauti ya chini kabisa) wakiwafukuzia kama abiria walioachwa na basi. Mkono wa kushoto nao, kwa sauti za kati, unawaita alto na kuwapunguza tenor, ambao, tuseme ukweli, hupenda kusikika.

Si wasikilizane tu? Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 17 kutoka kwa mwenzake anamsikia ikiwa imeshapita sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na akimfuata kwa sikio anazidi kuchelewa. Kwa macho wote wanaingia pamoja. Zipo okestra zisizo na mwongozaji, kama Orpheus ya New York iliyoanzishwa 1972, ila ni ndogo, na kila jambo linajadiliwa mazoezini.

Wengine hudhani lazima awe mwimbaji bora kuliko wote. Sikio ndilo linalotakiwa. Nenda mazoezi ya jioni pale Isevya au Ng'ambo: watu thelathini wanaimba, ghafla mwalimu anasimamisha. "Besi, hiyo ni nota ya fa, nyie mnaimba mi." Ameinasa sauti moja ndani ya nne. Anaweza kwa sababu nyumbani ameshakaa na nota, akaimba sauti zote nne peke yake na kutia alama pa kupumulia.

Kijiti cha kuongozea si lazima. Kwaya nyingi huongozwa kwa mikono mitupu. Zamani Ufaransa, mwanamuziki Jean-Baptiste Lully alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo ndefu. Siku moja akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687.

Kwamba ni kazi ya wanaume? Mwanamke, Marin Alsop, alishika uongozi wa okestra ya Baltimore, Marekani, mwaka 2007. Wanaoguna waendelee kuguna.

Kuhusu mshahara, okestra kubwa za Ulaya na Marekani hulipa vizuri, baada ya miaka mingi ya kusomea chombo cha muziki na nadharia, na kuwa msaidizi wa mwongozaji mwingine. Huku kwetu wengi wanajitolea. Mchana yuko darasani, dukani au kwenye tumbaku, jioni yuko na kwaya, na hela ya kutoa kopi za nota mara nyingi inatoka mfukoni mwake.