Kidonge chenye dawa mbili si ishara ya ugonjwa mkali zaidi

Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu, wakiandikiwa kidonge chenye dawa mbili, hudhani hali yao imekuwa mbaya mno, na wengine huacha kukimeza. Dhana hiyo si sahihi. Shinikizo hupanda kwa njia zaidi ya moja, na kila dawa hushughulikia njia yake: katika kidonge chenye amlodipini na telmisartani, kwa mfano, amlodipini hulegeza mishipa ya damu, ilhali telmisartani huzuia kazi ya homoni inayoibana, tena (jambo lisilosemwa vya kutosha) hupunguza uvimbe wa vifundo vya miguu unaoweza kuletwa na amlodipini. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mchanganyiko, ikiwezekana katika kidonge kimoja, hata mwanzoni mwa matibabu. Mjamzito, hata hivyo, hapaswi kutumia telmisartani.