Ubunifu Ni Nini Hasa, na Je, Apple Bado Inabuni?

Ukipanda ngazi za jengo lolote la Luthuli Avenue, Nairobi, lenye mabango ya simu, utawakuta mafundi wamebanana, kila mmoja na meza isiyozidi upana wa sinia ya pilau, taa ya kuinama, mswaki wa kusugulia vumbi na chupa ya spiriti. Kwenye meza moja kama hiyo nilimkuta jamaa amelaza iPhone mbili kifudifudi, 13 yake na 14 anayoitamani. Alikuwa anapiga hesabu ya kuongeza pesa ili wabadilishane.

"Fundi, niambie ukweli, tofauti iko wapi?"

Fundi akazigeuza, akazirudisha. "Ukiziangalia hivi, bosi, ni mapacha."

"Si hata mimi naona! Hawa watu wameishiwa. Siku hizi wanatuuzia rangi."

Fundi akacheka tu. Nitamrudia, maana alikuwa na jibu.

Lawama hiyo husikika kila Septemba Apple inapozindua simu: kwamba kampuni iliyoleta iPhone na iPad imeacha kubuni. Wapo wanaoitetea kwa jazba ile ile. Nikiwasikiliza, naona wanavutana bila kukubaliana wameshika kamba gani, kwa sababu neno lenyewe, ubunifu, kila mtu analitumia apendavyo.

Tuanze na vitenzi. Kuvumbua ni kukitoa kitu kilipofichika kikaonekana. Mtu huvumbua mgodi, huvumbua dawa. Kubuni ni kutunga kitu kutoka kichwani, ndiyo maana tunasema hadithi ya kubuni. Mitaani maneno haya hupokezana nafasi bila mtu kukasirika, lakini wanaoandika kuhusu uchumi na teknolojia wameyagawia kazi. Uvumbuzi ni wazo au kifaa kupatikana kwa mara ya kwanza. Ubunifu ni wazo kuingia katika matumizi, hata likabadilisha namna watu wanavyofanya jambo. Mwongozo ambao OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, limeutoa wa kupima mambo haya unasisitiza hivyo hivyo: kitu hakihesabiwi kuwa ubunifu mpaka kifikishwe kwa wanaokusudiwa kukitumia, au kianze kutumika kazini. Kilichobaki kwenye makaratasi ya hataza, hata kiwe cha ajabu vipi, bado.

Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria aliyekuja kufundisha Harvard, alikuwa ameligusa jambo hili mapema katika karne ya 20. Kwake yeye, mbunifu ni mtu anayeunganisha vilivyopo kwa namna mpya, na bidhaa mpya ni mlango mmoja tu kati ya milango kadhaa. Njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, mpangilio mpya wa biashara: vyote alivihesabu.

Mfano ulio karibu nasi uko Kamukunji, kunakogongwa mabati tangu asubuhi. Jiko la makaa lenye kauri ndani, lile lililobana kiunoni, halikuzuka hapa kutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilichukuliwa wazo la jiko la ndoo la Thailand, likaoanishwa na jiko la bati ambalo Wakenya walikuwa wamelizoea, na mafundi wa jua kali wakalirekebisha mpaka likatulia chini ya sufuria ya ugali. Bati lilikuwepo. Udongo ulikuwepo. Moto, nao, haukuhitaji kuvumbuliwa. Lakini kauri ile inazuia joto lisipotelee ubavuni, makaa yanadumu, na mama anayenunua makaa kwa mkebe anaiona tofauti jioni hiyo hiyo.

Sasa ichukue iPhone ya kwanza uiweke kwenye mizani hiyo. Steve Jobs aliionyesha San Francisco tarehe 9 Januari 2007, ikaanza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni. Simu ya skrini ya kugusa haikuwa ngeni: IBM ilianza kuuza yake, Simon, mwaka 1994, na LG ilikuwa imetangaza Prada Desemba 2006, wiki chache tu kabla. Sehemu ya ujuzi wa kutambua vidole viwili kwa pamoja Apple iliupata kwa kununua kampuni ndogo ya FingerWorks mwaka 2005. Na simu yenyewe ilikuwa na mapengo ambayo leo yangechekesha. Hairekodi video. Haina 3G. Huwezi kunakili maneno hapa ukayabandika pale. Hilo lilingoja hadi 2009. Programu ya mtu mwingine huwezi kuiongeza.

Kilichokuwa kipya ni muungano: kioo kizima bila vitufe vya kuandikia, kidole badala ya kalamu, tovuti inayofunguka kama ilivyo kwenye kompyuta. Kisha Julai 2008 likafunguliwa duka la programu, likiwa na programu zipatazo 500. Mimi ukinibana nitasema duka hilo ndilo lililopindua meza, kuliko hata kioo. Kijana aliyeandika mchezo chumbani kwake sasa angeweza kuuza kwa watu wa dunia nzima bila kubembeleza kampuni yoyote ya simu. Huo ni mpangilio mpya wa biashara, na Schumpeter angeutambua bila miwani.

Kishikwambi nacho kilipita njia hiyo. Microsoft na washirika wake walikuwa wakiuza tarakilishi za kuandikia kwa kalamu tangu 2002, nzito, ghali, zenye Windows ile ile ya mezani. iPad ya 2010 ilikuja kutoka upande wa pili: badala ya kuipunguza kompyuta, walikuza simu. (Vishikwambi walivyobeba makarani wa sensa ya 2019, kwa wanaokumbuka, havikuwa vya Apple, vilitoka kwa vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta.)

Na mwaka ule ule wa 2007, karibu miezi minne kabla iPhone haijafika dukani, Safaricom ilizindua M-Pesa, tarehe 6 Machi. Hapa ndipo mkazi wa Nairobi anapokuwa na haki ya kuketi mbele katika mjadala huu. M-Pesa haikuhitaji kioo wala intaneti. Ilitumia menyu iliyofichwa ndani ya laini, ujumbe mfupi, na muuza duka aliyekuwa tayari ameketi pale kona akiuza krediti. Ilifanya kazi kwenye kabambe, ile simu yenye tochi tuliyoiita mulika mwizi. Tena kusudi la kwanza lilikuwa jingine kabisa: majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na waliounda huduma wakawa na busara ya kuwafuata. Ukimuuliza mtu wa Githurai ni kipi kati ya vitu hivi viwili vya 2007 kilichobadilisha maisha yake, usitegemee atafakari sana.

Kuna mgawanyo mwingine unaosaidia. Upo ubunifu wa kuongeza: betri idumu zaidi, kamera ione gizani. Na upo wa kupindua, ambao mara nyingi huanza ukiwa duni, unawahudumia waliodharauliwa, kisha unapanda mpaka wakubwa wanashtuka. Huu wa pili ulielezwa na Clayton Christensen, profesa wa Harvard, katika miaka ya 1990. Jambo linalonifurahisha ni kwamba yeye mwenyewe aliikosea iPhone. Mwaka 2007 aliitazama kama simu bora kidogo inayoshindana na Nokia, akatilia shaka kama itafaulu. Baadaye alikiri kwamba hakuona kuwa inaivamia kompyuta ya mapajani. Kama mwenye nadharia aliteleza, sisi tunaobishana ndani ya matatu tusiwe wepesi wa kutoa hukumu.

Haya, Apple ya leo basi. Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011, na tangu hapo wapo wanaoamini ubunifu ulizikwa naye. Sikubaliani nao. Saa ilikuja 2015, AirPods, visikizi visivyo na waya, mwishoni mwa 2016 baada ya kampuni kung'oa tundu la visikizi kwenye iPhone 7 na kutukanwa dunia nzima. Lakini jambo kubwa kuliko hayo halionekani kwa macho. Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta zenye chipu yake yenyewe, M1, badala ya za kampuni ya Intel. Ilichukua ujuzi wa miaka kumi ya kutengeneza chipu za iPhone, ambazo lazima zibane matumizi ya umeme kwa sababu betri ya simu ni ndogo, ikauhamishia kwenye kompyuta. MacBook Air ya mwaka huo haina feni ndani, inafanya kazi kimya, na betri inamaliza siku. Kwa mtu anayefanya kazi zake mkahawani huku akitegea stima zisipotee, hilo ni jambo zito.

Chipu hiyo ina nasaba ya kuvutia. Imejengwa juu ya usanifu wa ARM, na kampuni ya ARM ilianzishwa Novemba 1990 na Acorn ya Uingereza, Apple na kampuni ya chipu ya VLSI. Apple ilitaka chipu isiyokula umeme kwa ajili ya Newton, kifaa cha mkononi kilichotoka 1993 kikijigamba kusoma mwandiko. Newton ilidoda, ikafutwa 1998. Miaka 30 baada ya ARM kuanzishwa, mbegu ile imezaa kompyuta. Ndiyo maana nasema kuhesabu ubunifu kwa Septemba moja moja ni kama kupima mvua kwa tone.

Upande wa pili wa daftari haupendezi hivyo. Vision Pro, miwani ya kompyuta ya Apple iliyotoka Februari 2024 kwa dola 3,499, imejaa uvumbuzi hadi ukingoni. Ubunifu wake ni haba, kwa maana ile tuliyoianza, kwa sababu watu wa kawaida hawajapata la kufanya nayo. Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, ilitangulia wengi mwaka 2011, lakini wimbi la akili mnemba lilipopiga, Apple ilikuwa ikikimbia nyuma. Machi 2025 ilitangaza kwamba Siri iliyoahidiwa itachelewa. Kuhusu matumizi, katika mwaka wa fedha wa 2024 kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 30 kwa utafiti na uundaji. Watetezi wake hulitaja fungu hilo kama ushahidi. Mimi naliona kama bei ya mbegu. Mavuno ni habari nyingine.

Simu yenyewe, ile ya mkononi, imekomaa. Baiskeli ilikomaa hivyo hivyo: ikishapata magurudumu mawili sawa, mnyororo na breki, kilichobaki ni kuipunguza uzito. Bidhaa ikifika hapo, ubunifu huhamia kwingine, na mara nyingi huhamia kwa mwingine. Transsion ya China, wenye Tecno, Infinix na itel, walikuja Afrika wakatazama watu wanavyoishi. Watu wana laini mbili kwa sababu ya bei za mitandao. Wakaweka nafasi ya laini mbili. Kamera zilikuwa zinawatia watu giza usoni. Wakazirekebisha kwa ngozi nyeusi. Hakuna aliyesimama jukwaani California kulitangaza hilo.

Sasa turudi Luthuli. Fundi alipomaliza kucheka aliigonga 13 mgongoni kwa ukucha.

"Hii ukiangusha, kioo cha nyuma kimegandana na fremu. Naipeleka kwa jamaa wa leza achome gundi, halafu nakaa nikikwangua vipande kimoja kimoja, na bado vinanikata. Hii 14 walibadilisha ndani. Inafunguka mbele na inafunguka nyuma. Napasha moto, nainua, natoa skrubu mbili na waya mmoja, kioo kimetoka."

Ni kweli. Mwaka 2022 Apple ilipanga upya mifupa ya ndani ya iPhone 14 ya kawaida, wakati matoleo ya Pro ya mwaka huo yalibaki na muundo wa zamani. Kwenye tangazo la rangi, badiliko hilo halina pa kukaa. Mezani kwa fundi ni tofauti ya saa nyingi na plasta za vidole.

Hata hivyo kampuni ile ile imebuni kufuli pia. Kuanzia iPhone 11, ukiweka skrini ambayo simu haiitambui, inakuandikia onyo. Na 13 ilipotoka 2021, kubadilisha skrini nje ya mpangilio wao kulizima Face ID, ile ya kufungua simu kwa sura, mpaka kelele zilipopigwa ndipo Apple ikalilegeza hilo kwa programu. Kufuli nalo ni ubunifu. Mnufaika tu ndiye tofauti.

"Kwa hiyo nichukue 14?" jamaa akauliza.

"Bosi, wewe huangusha simu?"

Jamaa akafikiri kidogo. Akairudisha 14 kwenye kitambaa, akachagua kava nene la 13, akalipa kwa M-Pesa. Fundi alisubiri mlio wa ujumbe kwenye kasimu kake ka vitufe, akausoma mpaka mwisho, ndipo akamkabidhi kava.