Mbwa wa getini naye apendwe, ulinzi hautapungua

Kuna swali naulizwa kliniki karibu kila wiki, tena mtu anauliza huku anacheka kidogo: "Dokta, nikimzoea sana huyu mbwa si ataacha kulinda?" Wanauliza watu wa Goba, wa Mbezi, wa Kigamboni hapa Dar, yaani yeyote aliyemaliza nyumba akaweka fensi na geti halafu akatafuta mbwa. Imani ni kwamba mbwa wa ulinzi ukishamshikashika umemharibu. Wapo wanaoenda mbali zaidi wanampa pilipili, wengine bangi, eti awe mkali. Hapo unatengeneza mbwa anayeumwa, na mbwa mwenye maumivu hachagui wa kung'ata, anaweza kuanza na mtoto wako.

Mbwa hajui hati ya kiwanja. Anajua watu wake, harufu zao, sauti ya gari lao, na mahali anapoona ni pake. Sasa yule anayefungwa bandani kutwa, chakula anasukumiwa kwa mguu, saa nne usiku anafunguliwa na mlinzi ambaye naye anamuogopa, huyo anabwekea paka, anabwekea bodaboda, anabwekea upepo, mpaka nyie wenyewe ndani mmezoea hamuamki tena. Anayeishi karibu na watu wake kelele zake zina maana, kwa sababu anajua nani wa nyumbani na nani siyo. Kwa hiyo kumpenda hakumpunguzii kazi.

Na wala sisemi kwa hisia tu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Emory, Gregory Berns na wenzake waliwafundisha mbwa kutulia ndani ya mashine ya MRI wakiwa macho, hawajafungwa, hawajachomwa dawa ya usingizi, wakaangalia ubongo unaitikia vipi mbwa akitegemea kipande cha soseji na unaitikia vipi akitegemea kusifiwa na mwenye mbwa. Matokeo yalitoka 2016: kati ya mbwa 15, 13 waliitikia sifa sawasawa na chakula au hata zaidi. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakiangaliana kwa utulivu, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, ile ile inayohusika na mama na mtoto wake mchanga. Ila angalia, nasema mbwa na MTU WAKE. Usiende kumkazia macho mbwa wa jirani, kwake hiyo ni shari.

Tatizo ninaloliona kwa wale wanaopenda kweli ni kwamba wanapenda kibinadamu. Wanakumbatia. Watoto ndo kabisa, anamkaba shingo, anamwekea uso kwenye uso, mama anapiga picha ya kuweka status. Mimi nikiiangalia ile picha naona masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa kwa nguvu, weupe wa macho unaonekana pembeni, kichwa kimegeuzwa kule. Huyo mbwa anavumilia tu. Akianza kujilamba pua wakati hakuna chakula, au kupiga miayo wakati hana usingizi, anakuambia kwa adabu mwache, na asiposikilizwa siku moja ataongea kwa meno halafu mtasema "hajawahi kufanya hivi".

Ndiyo maana nawaambia wamuulize. Mkune kifuani au ubavu wa shingo, usianzie juu ya kichwa coz mkono unaokuja kutoka juu unamtisha, mkune sekunde kama tatu nne hivi, halafu toa mkono. Akisogea, akikuegemea, akikusukuma kwa pua, endelea. Akibaki palepale kama gogo au akajikung'uta na kuondoka, basi amesema imetosha, usimfuate. Watu wanaona ni kitu kidogo sana hiki lakini ndo kinachofanya mbwa akuamini, anajua akisema hapana unasikia, kwa hiyo hana haja ya kupandisha sauti.

Kwa Dar hii, na pwani yote kwa ujumla, njia ya kumwonyesha mbwa upendo ninayoipenda kuliko zote ni kumkagua kupe. Seriously. Kila jioni kaa naye chini sehemu yenye mwanga, pitisha vidole taratibu: ndani ya masikio, shingoni chini ya mkanda, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Anza na sehemu anazozipenda ndo uingie zile anazozikataa, na ukigusa vidole vya miguu mpe kipande cha dagaa hapohapo. Kupe ukimkuta mshike na kibano karibu kabisa na ngozi uvute moja kwa moja, usimpake mafuta ya taa, na tafadhali sana msimuogeshe mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe mliyokisia vipimo, nimeshapokea wengi wanatetemeka kwa sababu hiyo. Homa za kupe zinaua mbwa wengi hapa mjini, unaona fizi zimekuwa nyeupe, wengine damu inatoka puani, sasa yule anayekaguliwa kila jioni, mwenye mbwa anagundua mapema. Na mbwa akishazoea mikono hivi, kwangu kliniki anapanda mezani mwenyewe, sindano inaingia huku anakula. Wale wasioguswa kabisa nawachanja kwa kuwafunga mdomo na watu watatu wamemlalia, na wengine hawaletwi kabisa maana mwenyewe anaogopa kumkamata, ndo hao wanakaa miaka bila chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa kama mbwa wako ameshaharibiwa na mnyororo, hataki mtu? Usimlazimishe. Chukua kiti au ndoo, kaa mbali kidogo na banda, mgeuzie ubavu, usimuangalie, shika simu yako usome mambo yako. Kila baada ya muda tupa kipande cha nyama karibu yake bila kusema neno, ukimaliza ondoka. Kesho tena, saa ileile, mbwa wanapenda sana ratiba. Atakuja kunusa viatu, usinyooshe mkono! Hapo ndo wengi wanaharibu, mbwa kaja kunusa tu mtu anamrukia kwa furaha. Mwache anuse aondoke. Wengine wanachukua siku chache, wengine miezi, hasa waliopigwa.

Matembezi pia, hata kuzunguka mtaa tu, alfajiri au baada ya jua kuzama kwa sababu lami ya mchana inaunguza nyayo, na mwache anuse kila nguzo anayotaka, usimvute kama mko mbioni. Kuhusu chakula sina mengi, ugali wa dona na dagaa sio dhambi, ila mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano, na chokoleti, zabibu na vitunguu usimpe hata kama anakuomba kwa macho gani.

Wateja wangu Waislamu, na ni wengi, huwa wananiambia dokta mimi mate yake ni najisi, nitampendaje? Ya fikihi muulize shehe wako, mimi sio mtu wake. Ila ninachojua kama daktari ni kwamba mbwa hahitaji kukulamba ili akupende. Kivuli, maji safi yanayobadilishwa, kuitwa jina lake kwa sauti nzuri, kufundishwa kukaa na kusubiri chakula, kutembezwa na kamba, vyote hivyo unafanya bila mate kukugusa, na kukagua kupe unavaa glovu. Hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa, mnaijua kuliko mimi.

La mwisho, maana huwa linachelewa kuletwa. Mbwa aliyekuwa anapenda kukunwa ghafla anakwepa, ananguruma ukimgusa kichwa, au anajificha chini ya gari, msianze kusema amekuwa jeuri au amerogwa. Mara nyingi ni sikio limeoza ndani, jino, kiuno, au hizo homa za kupe. Na kama amebadilika tabia kabisa, anadondosha mate, anashindwa kumeza, anang'ata hata mawe, huenda ni kichaa cha mbwa, usimguse na usijaribu kumfungua mdomo, funga geti, watoto ndani, upige simu kwa ofisi ya mifugo. Akiwa ameshamng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.