Bega lako halina ugomvi na dagaa

Juzi kaja mama wa miaka 48, mkono wa kulia kaukumbatia kama kichanga. Eksirei inaonyesha doa jeupe la chokaa ndani ya kano ya supraspinatasi, ile ya begani inayosaidia kuinua mkono. Kabla sijasema neno: "Daktari, maziwa nimeacha. Dagaa nimeacha. Miezi mitano sasa." Nani kamwambia kuwa kalsiamu ya chakula ndiyo inayoganda begani? Jirani, kisha kundi la WhatsApp. Nimechoka, kwa hiyo naandika.

Chokaa ile ni kalsiamu na fosfeti, ndiyo. Lakini haikumwagika begani kwa sababu ya chai ya maziwa. Kalsiamu ya damu ina walinzi wakali: hubaki takriban kati ya 2.2 na 2.6 mmol kwa lita. Ikianza kushuka, homoni ya parathairoidi huenda kukopa mifupani, kwenye asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili. Ukiacha dagaa, bega halina habari. Anayelipa deni ni mfupa. Na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi ndiye wa mwisho kuuchezea mfupa!

Wagonjwa hawa wengi ukiwapima, kalsiamu na fosfeti za damu ziko sawa. Ni seli za kano zenyewe zinazobadili tabia na kutengeneza chokaa papo hapo. Kwa nini? Vitabu vinasema damu haifiki vizuri pale. Mimi maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha. Kisukari na tezi ya shingo huwa naviulizia, maana vimehusishwa na ugonjwa huu.

Sasa vitamini D, kero yangu kuu. "Imeshuka, ndiyo chanzo." Imeshuka, sawa, lakini wapime na wenye mabega mazima pale kwenye foleni, uone wangapi nao iko chini. Ikishuka naitibu kwa ajili ya mifupa. Kuhusu bega siahidi kitu. Vidonge vya magnesiamu vya "kuyeyusha" chokaa? Tuendelee.

Mara nyingi maumivu makali kabisa huja mwili wenyewe unapoanza kuiyeyusha chokaa, ikiwa laini kama dawa ya meno. Mama alikuwa hapo hapo: usiku wa tatu hajalala. Nikatia ganzi, nikaifuata kwa ultrasaundi, nikasukuma maji ya chumvi na kuyavuta. Bomba la sindano likajaa ukungu mweupe.

Akalitazama, akanitazama.

"Daktari, si maziwa hayo?"

Nikaanza upya.