Mionzi ya ubongo kwa mara ya pili: nani anafaa?

Kliniki hatukosi swali hili: "Daktari, mama alishapigwa mionzi ya kichwa, sasa saratani ya matiti imerudi ubongoni. Anaweza kupigwa tena?" Anaweza. Ila si kila mgonjwa, na si kwa namna ileile.

Mionzi ya ubongo mzima kwa kawaida hutolewa grei 30 kwa vipindi 10, au grei 20 kwa vipindi 5. Grei ni kipimo cha dozi. Miezi ikipita, sehemu za ubongo zisizo na saratani hupona kiasi, lakini haziponi zote. Kwa hiyo tukirudia ubongo mzima tunashusha dozi, mara nyingi grei 20 kwa vipindi 10, na familia ijue mapema kwamba kumbukumbu inaweza kufifia.

Uvimbe ukiwa mmoja au michache, tunapendelea mionzi ya kulenga: miale myembamba kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe tu. Wazo hili lilitolewa na Lars Leksell, mpasuaji wa ubongo wa Sweden, mwaka 1951. Baadaye utafiti wa Marekani ulipima dozi za mionzi hiyo kwa watu waliokwisha kupigwa mionzi: grei 24 kwa uvimbe usiozidi sentimita 2, grei 18 hadi sentimita 3, grei 15 hadi sentimita 4. Wengi hudhani uvimbe mkubwa hupewa dozi kubwa. Ni kinyume chake.

Kabla ya yote, je, kweli ni saratani? Mionzi ya kwanza inaweza kuua tishu za ubongo, na kovu hilo kwenye picha ya MRI likafanana kabisa na uvimbe uliorudi. Hilo hutibiwa kwa dawa kama deksamethazoni, wakati mwingine upasuaji. Kulipiga mionzi ni kuliongezea ubaya. Daktari akiomba picha nyingine, msimwone anazungusha.

Akifaa, atatengenezewa barakoa mpya ya kushika kichwa kisitikisike. Plastiki hulainishwa kwenye maji ya moto, ikafunikwa usoni, ikakauka kwa dakika chache. Ile ya zamani haimkai, kwani deksamethazoni huvimbisha mashavu.

Aliye dhaifu, wa kulala kitandani tu, mimi huwa simshauri apigwe tena. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa 2016, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wasiofaa upasuaji wala mionzi ya kulenga, haukuona faida ya maana kwa kuongeza mionzi ya ubongo mzima juu ya deksamethazoni na huduma ya kupunguza mateso. Na hao walikuwa wanapigwa kwa mara ya kwanza.

Aliyetibiwa kwingine aje na faili lake: dozi, idadi ya vipindi, tarehe, na CD ya picha. "Alichomwa mara kumi" haitutoshi kupanga dozi. Deksamethazoni asiiache ghafla, na akipata degedege awahishwe hospitali iliyo karibu, asingoje siku ya kliniki.