Kabla ya kumwambia mtu "jikaze"

Katika kazi yangu ya ukalimani, maneno ya kutiana moyo hunisumbua kuliko hata lugha ya mahakamani. Istilahi ya sheria nitaikuta kwenye kamusi. Neno la kumpa mtu moyo, lazima kwanza nijue linamtwisha nani mzigo.

Mfaransa akikwambia "bon courage", hakutakii bahati; kwa bahati anasema "bonne chance". Amekubali kwamba lililo mbele yako ni gumu. Niliwahi kumkalimania mama aliyekuwa anaanza matibabu marefu. Daktari akamshika mkono, akasema "bon courage", nami nikatoa "kila la heri". Mama akaniangalia: "Kwa hiyo nisubiri bahati tu?" Swali lile halijanitoka mpaka leo. Siku hizi nasema "jipe moyo", na inaingia barabara, kwani hata "courage" chimbuko lake ni neno la moyo.

Wachina husema "jiayou", yaani ongeza mafuta. Tafsiri yake ya sisisi kwa Kiingereza, "add oil", iliyoshamiri Hong Kong, iliingia katika kamusi ya Oxford mwaka 2018.

Wajapani wana "ganbatte": kaza, usilegee. Linamfaa anayeingia kwenye mtihani. Kwa mgonjwa wa sonona linaweza kuumiza, maana huyo amekwisha kujikaza mpaka nguvu zimemwishia, na bado anaambiwa aongeze. "Jikaze" yetu ina hatari hiyo hiyo, na "piga moyo konde" pia. Yote ni amri.

Waturuki wamepita njia nyingine. Wakimkuta mtu kazini husema "kolay gelsin", iwe rahisi kwako. Hapo hakuna anayeamriwa kitu. Dua inaelekezwa kwenye kazi yenyewe, ilegee. Waajemi nao humwambia "khaste nabashid", usiwe na uchovu. Mimi nayapenda zaidi maneno ya namna hii, kwa sababu anayeambiwa hadaiwi chochote.

Na Wajapani hao hao, kazi ikiisha, huagana kwa "otsukaresama", salamu iliyojengwa juu ya neno la kuchoka, lakini kwa heshima. Nilihangaika nayo miaka mingi, nikajaribu "asante", nikajaribu "hongera". Siku hizi nasema "pole na kazi", na sijapata lililo karibu zaidi.