Kwa nini gari lingine ukikaa tu ndani unahisi ni la hela ndefu?

Je, wajua ile hali ya kupanda gari la mtu, mlango ukafunga "dup!", ukajikuta umekaa kwa adabu na miguu umeikusanya usichafue, kuna watu wamekaa wakaipanga kabla gari halijatoka kiwandani? Injini hujaisikia bado, bei umeshaikadiria.

Mimi nikifika yadi naanza na kidole. Bonyeza dashibodi pale juu, kwenye gari la bei inabonyea kidogo, ila shuka chini karibu na goti ugonge kwa kucha, utasikia plastiki kavu kama ya beseni. Sio wizi, ni hesabu tu, hela ya kutengenezea gari ina mwisho wake kwahiyo wanaimwaga pale mkono unapofika, kule kwa kiatu wanabana.

Volkswagen Golf ya kizazi cha 4, ile ya 1997, ilisifiwa sana kwa hizi mambo. Kile kishikio cha juu ya mlango, ukikivuta ukakiachia hakirudi "pa!", kinapanda taratiiibu chenyewe. Hakiongezi spidi, mafuta hakipunguzi, lakini mtu akikiachia mara moja tu utasikia "Wajerumani bana". Yaani akili inachukua kakitu kadogo ulichokigusa inakafanya shahidi wa yale usiyoyaona, kama kishikio wamekijali hivi basi na gia boksi itakuwa safi, na wala inaweza isiwe kweli.

Wajapani wameifanya taaluma kabisa, wanaita kansei, yaani unaanza na mtu anataka ajisikieje ndio unarudi kuchora chuma. Profesa Mitsuo Nagamachi wa Hiroshima aliianza miaka ya 1970 na Mazda wakaitumia kwenye MX-5, kagari kao kadogo ka michezo, ya 1989.

Siku hizi ni skrini kila kona. Yadi inavutia kama simu mpya, afu uko barabarani unataka kupunguza AC, shimo hilo hapo mbele, kidole kinatafuta menyu... Hata Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 anayetaka alama zote kwao lazima indiketa, hazadi, honi na waipa viwe na vitufe vya kushika.

Na harufu je? Ile ya gari jipya tunayoipenda ni kemikali za plastiki na gundi zinapaa, jua likiwaka ndio zaidi. Audi wana timu ya wanusaji tangu 1985, kipande cha siti kinawekwa kwenye chupa, kinapashwa moto, wananusa wanatoa maksi 1 mpaka 6, na 6 ni ile haivumiliki. Wao wanahangaika kuipunguza, huku kuna mtu mwaka wa pili huu hajatoa nailoni kwenye siti ili isiishe.